Idi Amin: Mwana wa Koboko aliyeitawala Uganda akishika usukani mwenyewe

Idi Amin Dada, aliyeitawala Uganda kwa mabavu kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979, anakumbukwa kwa mauaji, kwa kuwafukuza Waasia na kwa vyeo vingi alivyojipachika. Ipo pia kumbukumbu nyingine ambayo bado inasimuliwa na Waganda waliokuwa watu wazima enzi hizo: ya rais aliyependa magari ya kifahari yenye kasi, na aliyependa zaidi kuyaendesha mwenyewe.

Mapenzi hayo hayakuwa mzaha wa mtu mmoja. Katika utawala wake gari lilikuwa zawadi ya askari mtiifu, mali iliyoporwa kutoka kwa jirani, na kwa watu wengi lilikuwa chombo kilichowachukua wasirudi tena. Kuyafuata magari ya Amin ni kuifuata historia ya Uganda ya miaka ya sabini, tangu vijiji vya Nile Magharibi hadi hospitali ya Jeddah alikofia mwaka 2003.

Mkoa uliotoa askari

Mahali na tarehe ya kuzaliwa kwa Amin vinabishaniwa hadi leo. Wengi wanataja mwaka 1925 au karibu na hapo; baadhi husema alizaliwa Koboko, wengine Kampala. Lisilobishaniwa ni asili yake. Baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, mji ulio takriban kilomita 55 kaskazini mwa Arua, mahali mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana. Mama yake alikuwa Mlugbara, na inasimuliwa kwamba alikuwa mganga wa mitishamba.

Eneo hilo lilichelewa kuingia Uganda. Lilikuwa sehemu ya Lado, lililotawaliwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha likawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 likakabidhiwa Uganda. Serikali ya kikoloni haikujenga viwanda wala mashamba makubwa huko. Iliigeuza Nile Magharibi kuwa ghala la nguvukazi: vijana walikwenda kusini kukata miwa katika mashamba ya sukari, au walijiunga na jeshi. Mtu aliyetoka Arua kwenda Kampala alikuwa na safari ya karibu kilomita 500, na kwa wengi safari hiyo ilianzia na kuishia nyuma ya lori.

Amin alichagua jeshi. Mwaka 1946 alijiunga na King's African Rifles, kikosi kilichojulikana kwa Waswahili kama Keya, akianza kazi jikoni. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu na mtiifu kwa wakubwa wake. Alitwaa ubingwa wa ndondi nchini Uganda na kuushikilia kwa miaka kadhaa, akapelekwa Kenya wakati wa vita dhidi ya Mau Mau, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uofisa kamili. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo sana, lakini Kiswahili cha jeshi alikimudu vizuri.

Enzi ya Wabenzi

Uganda ilipopata uhuru Oktoba 1962, Afrika Mashariki ilikuwa inazaa tabaka jipya, na Waswahili walikwishalitafutia jina. Waliwaita Wabenzi, kana kwamba ni kabila: mawaziri, makatibu wakuu na wakurugenzi waliotambulika kwa Mercedes-Benz zao. Gari hilo la Kijerumani lilikuwa imara, kimya na ghali. Liliweza kuhimili barabara mbovu, na nyota iliyosimama juu ya boneti ilionekana kutoka mbali. Mtu hakuhitaji kuuliza ni nani aliyemo ndani. Ilitosha kusogea pembeni.

Amin alipanda haraka katika mazingira hayo. Baada ya uasi wa wanajeshi huko Jinja mwezi Januari 1964, Waziri Mkuu Milton Obote aliwahitaji maofisa wa kumtegemea, na Amin alikuwa mmoja wao. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng aliliambia Bunge kwamba fedha nyingi zilikuwa zimeingizwa katika akaunti ya benki ya Amin, akizihusisha na dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo. Obote hakumtimua ofisa wake. Badala yake aliisimamisha katiba, na mwezi Mei mwaka huo Amin aliongoza mashambulizi dhidi ya kasri la Kabaka Mutesa II huko Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza, na kijana wa Keya akawa mkuu wa jeshi.

Urafiki wa wawili hao haukudumu. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, wanajeshi waliitwaa serikali. Redio Uganda ilisoma sababu 18 za mapinduzi. Miongoni mwa sababu hizo kulikuwa na shutuma dhidi ya ufisadi wa wakubwa, wakiwemo mawaziri waliodaiwa kumiliki misururu ya magari na majumba makubwa huku wananchi wakiteseka.

Kampala ilisherehekea. Watu walipanda juu ya magari na kupunga matawi. Rais mpya alionekana mtu wa kawaida: alizunguka mjini katika gari la wazi aina ya Jeep, akiendesha mwenyewe, akisimama kusalimiana na watu sokoni. Ofisa aliyeingia madarakani kwa kulaani magari ya mawaziri alipendwa kwa sababu hakuketi kiti cha nyuma.

Mafuta mingi

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke Uganda, na baadaye wakapewa siku 90. Zaidi ya watu 50,000 waliondoka kabla mwaka haujaisha, wengi wao wakiwa wamezaliwa Uganda. Waliruhusiwa kuchukua fedha kidogo na mizigo michache. Maduka, viwanda, nyumba na magari yalibaki.

Mali hiyo iligawiwa, na sehemu kubwa ilikwenda kwa maofisa wa jeshi na watu wao wa karibu. Usiku mmoja ulitosha kumfanya sajenti kuwa mwenye duka la vitambaa na mmiliki wa Mercedes iliyotumika, ambayo mwenyewe wa awali alikuwa ameitunza kwa miaka mingi. Waganda waliwaita matajiri hao mafuta mingi. Kisarufi jina hilo halikuwa sahihi, lakini lilieleza hali ilivyo: watu walionenepa ghafla kwa jasho la wengine.

Hapo ndipo tofauti kati ya kuwa na gari na kuwa na uchumi ilipoonekana. Gari la kifahari la Kijerumani linahitaji mafuta, vipuri, fundi mwenye ujuzi na fedha za kigeni za kuagizia vyote hivyo. Waagizaji wa vipuri na wenye gereji kubwa walikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Uzalishaji wa sukari uliporomoka, sabuni na chumvi vikaadimika, na biashara ya magendo ikawa ndiyo njia ya kuishi. Magari mengi ya kifahari yaliendeshwa hadi yalipoharibika, kisha yakaachwa uani na kung'olewa kipuri kimoja baada ya kingine.

Kwa askari watiifu neema iliendelea kushuka kutoka angani. Ndege kutoka uwanja wa Stansted, Uingereza, zilileta wiski na bidhaa nyingine za anasa hadi Entebbe, zikilipiwa kwa fedha za kahawa. Mkulima wa kahawa alikosa chumvi ili ofisa asikose kinywaji.

Gari lililochukua watu

Kwa raia wa kawaida sauti ya gari zuri likisimama mlangoni ilianza kuwa na maana nyingine. Maofisa wa idara ya usalama iliyoitwa State Research Bureau hawakuvaa sare. Walivaa mashati ya maua na miwani myeusi, na walitumia magari mapya ya kiraia. Aliyekamatwa mchana kweupe aliingizwa katika buti la gari mbele ya watu, na hakuna aliyethubutu kuuliza anakopelekwa.

Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, ambaye aliwahi kuwa Waziri Mkuu kabla ya uhuru, alichukuliwa kutoka jengo la Mahakama Kuu Septemba 1972, akaingizwa garini na hakuonekana tena. Watu wa Nile Magharibi hawakusalimika kwa kuwa ndugu. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikamatwa mwaka 1974 na mwili wake ukapatikana katika mto Nile. Agosti mwaka huohuo mwili wa Kay Adroa, binti wa mchungaji kutoka Nile Magharibi ambaye Amin alikuwa amempa talaka miezi michache kabla, ulikutwa umekatwakatwa ndani ya buti la gari.

Februari 1977 serikali ilitangaza kwamba Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Miili ilikuwa na majeraha ya risasi. Ajali ya barabarani ilikuwa imekuwa lugha ya serikali ya kutajia mauaji.

Hesabu kamili ya waliouawa katika utawala huo haipo. Makadirio yanaanzia watu 80,000 na kufika 300,000, na yapo yanayofika 500,000.

Kasi mbele ya wageni

Kilele cha fahari ya Amin kilikuwa Julai 1975, Kampala ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kuhudhuria. Kwa waliofika, serikali ilinunua magari mapya ya kuwabebea wageni, zikiwemo Mercedes-Benz, katika nchi ambayo hospitali zake zilikuwa zimeishiwa dawa. Katika hafla moja Amin alibebwa kwenye kiti na Waingereza wakazi wa Uganda, picha iliyoenea duniani kote.

Sehemu ya sherehe hizo ilikuwa mashindano ya magari. Rais alishiriki mwenyewe akiwa na mke wake mpya, Sarah Kyolaba, katika Citroën SM, gari la Kifaransa lenye injini ya Maserati ya Italia, miongoni mwa magari ya kasi yaliyosifiwa zaidi wakati huo. Aliyekuwa na ujasiri wa kumpita rais barabarani ni vigumu kumfikiria.

Kwa shughuli za kiserikali Mercedes-Benz ilibaki na nafasi yake. Amin hutajwa miongoni mwa waliomiliki Mercedes 600, gari lililotoka mwaka 1963 likiwa na injini ya lita 6.3, na ambalo hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1981 lilitengenezwa kwa idadi isiyofika 2,700. Orodha ya wenye gari hilo iliwachanganya Mao wa China, Tito wa Yugoslavia, Mobutu wa Zaire na mwanamuziki John Lennon. Kwa mtu aliyeanza kazi jikoni katika kambi ya Keya, kuketi katika gari la aina moja na hao kulikuwa ushahidi kwamba amefika. Mvuto huo ndio uliowakamata wengi kabla na baada yake: gari humpa mtu kwa saa moja heshima ambayo huenda hata miaka 20 ya kazi isingempa.

Tabia yake ya kushika usukani iliwahi kumwokoa. Juni 1976 mabomu ya mkono yalirushwa kuelekea Jeep yake alipokuwa akitoka katika gwaride la polisi huko Nsambya. Amin alikuwa akiendesha mwenyewe, na dereva wake ameketi upande wa abiria. Dereva ndiye aliyekufa.

Mercedes iliyopakwa rangi

Wiki chache baadaye gari hilohilo lililompa Amin heshima lilitumiwa dhidi yake. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kusimama Athens, na hatimaye ikatua Entebbe. Watekaji walikuwa Wapalestina na Wajerumani wawili. Amin aliwapokea na akajitokeza mbele ya mateka kama mpatanishi.

Waisraeli waliijua Uganda vizuri, kwa kuwa walikuwa wamelifundisha jeshi lake hadi Amin alipowafukuza mwaka 1972. Walijua kwamba msafara wa rais ulimaanisha Mercedes nyeusi ikifuatwa na Land Rover, na kwamba askari wa Uganda akiona msafara huo hupiga saluti na kufungua njia. Wakatafuta nchini mwao Mercedes iliyotumika, wakaitengeneza, wakaipaka rangi nyeusi kwa kuwa haikuwa nyeusi, na kuipakia ndani ya ndege ya mizigo.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, baada ya safari ya takriban kilomita 4,000, Mercedes hiyo kuukuu ilishuka Entebbe na kuelekea jengo walimozuiliwa mateka. Walinzi wawili wa Uganda waliisimamisha. Masimulizi yanayorudiwa sana yanasema kwamba siku hizo Amin alikuwa ameanza kutumia Mercedes nyeupe, na ndiyo maana walinzi walishtuka, ingawa baadhi ya waliokuwa ndani ya gari hilo wana maelezo tofauti. Risasi zikafyatuliwa na mapambano yakaanza. Mateka 102 waliokolewa. Makumi ya wanajeshi wa Uganda waliuawa, pamoja na kamanda wa Kiisraeli Yonatan Netanyahu. Mateka mzee, Dora Bloch, aliyekuwa amelazwa Mulago, aliuawa baadaye kwa kulipiza kisasi.

Mpango wa Waisraeli ulitegemea jambo moja ambalo utawala wa Amin ulikuwa umelipanda wenyewe: nchi iliyofundishwa kuogopa gari kabla ya kuuliza ni nani aliye ndani.

Barabara ya kaskazini

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuitwaa sehemu ya Kagera, nchini Tanzania. Rais Julius Nyerere alijibu kwa vita kamili. Wanajeshi wa Tanzania wakiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikuwa ameshaondoka kuelekea mashariki na kaskazini, na muda si mrefu akawa Libya.

Askari wake walishika barabara ya kwenda nyumbani. Walivuka Nile na kuelekea Arua na Koboko wakiwa na malori, mabasi na magari madogo yaliyochukuliwa njiani, kisha wengi wakaendelea hadi Sudan na Zaire. Jeshi la Tanzania lilifika mpaka wa Sudan mapema mwezi Juni.

Bili ya utawala huo waliletewa waliobaki. Nile Magharibi haikuwa imejengewa barabara nzuri wala viwanda na rais wake mzaliwa, lakini wakazi wake wote walihesabiwa kuwa watu wa Amin. Baada ya mabaki ya jeshi lake kushambulia kutoka Sudan Oktoba 1980, jeshi jipya la serikali liliteketeza miji na vijiji. Tarehe 24 Juni 1981 watu takriban 100 waliuawa huko Ombaci, karibu na Arua, walikokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki. Mamia ya maelfu walikimbilia nchi jirani na kuishi kambini kwa miaka.

Waliporudi, baadhi ya vijana walianza kuuza petroli ya magendo kutoka Kongo kando ya barabara za Arua, wakiimimina kwa faneli kutoka madumu. Mji mzima uliwaita Opec. Wengine walikuwa wamekulia uhamishoni, bila shule na bila kazi. Katika mji ambao wanajeshi wake waliwahi kurudi na magari ya kifahari, riziki ilipatikana kwa kulijazia mafuta gari la mtu mwingine.

Mwisho Jeddah

Amin alitoka Libya akahamia Saudi Arabia, iliyompa nyumba na posho kwa sharti la kutojihusisha na siasa. Mwaka 1989 alijaribu kurudi kwa kupitia Kinshasa, akatambuliwa na kurudishwa. Maisha yake yaliyobaki Jeddah yalikuwa ya sala, uvuvi na matembezi ya gari kando ya bahari. Hakuwahi kufikishwa mahakamani. Alikufa tarehe 16 Agosti 2003 na kuzikwa hukohuko, bila heshima za kitaifa.

Katika Makumbusho ya Uganda jijini Kampala yamehifadhiwa magari yaliyotumiwa na wakuu wa nchi, likiwemo Mercedes-Benz la enzi zake. Wanafunzi hupita na kulitazama. Koboko ilipata wilaya yake mwaka 2005, na Arua ikawa jiji mwaka 2020. Huko jina la Amin bado huwagawa watu: wapo wanaomwona mwana wa nyumbani aliyethubutu kuwafukuza wageni matajiri, na wapo waliozika ndugu zao Ombaci.